Tulikwenda Buffalo Kuomba Mrushaji

Msimu wetu wa kwanza ulimalizika bila ushindi hata mmoja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa meneja wa timu, nilipata majira yote ya baridi ya kufikiria kwa nini.

Hatukushindwa kwa kutojua kupiga. Vijana wetu wa kanisani hapa Louisville wanabeba mizigo ghalani wiki nzima. Mikono wanayo, na mpira ukiwafikia vizuri wanautuma mpaka kwenye maegesho ya magari. Tulishindwa kwa sababu hatukuwa na mrushaji. Katika besiboli yuko mtu mmoja anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji wa timu nyingine. Akirusha ovyo, mpigaji hana haja hata ya kupiga. Baada ya mipira minne mibovu anapewa kituo cha kwanza bure, anakwenda anatembea huku akijikuna. Msimu ule wapinzani wetu walitembea sana. Jumapili moja nilimsikia mzee mmoja pembeni ya uwanja akimuuliza mwenzake kama huu mchezo ni wa kutembea, na mwenzake akamjibu kwamba ukicheza na hawa watoto wetu, ndiyo.

Umeneja nilipewa kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya takwimu, na wenzangu waliona kwamba mtu wa takwimu hawezi kukosa la kufanya kwenye besiboli. Kwingine kote nilikuwa nimekosa. Nilikuwa nimeomba kazi za ofisini mpaka nikaacha kukumbuka nimeomba wapi, na wakati nikisubiri majibu nilikuwa napanga maboksi katika ghala lilelile wanalofanya kazi nusu ya wachezaji wangu. Nilikuwa naishi na wazazi Highview, katika chumba chenye kitanda nilichokinunua nikiwa sekondari. Jumapili uwanjani ndiyo siku pekee ambayo hakuna mtu aliyeniuliza nina mpango gani na maisha yangu.

Kwa hiyo nilishtuka sana siku moja mwezi wa kwanza, baada ya ibada, vijana waliponizunguka na kusema wamechoka. Hawakusema kwa hasira. Walisema kwamba tukianza msimu mwingine bila mrushaji, wao watarudi kwenye mpira wa miguu.

“Kule angalau tukifungwa tunajua tumefungwaje,” mmoja akasema.

Nikawaahidi kwamba kabla ya ligi kufunga usajili mwanzoni mwa mwezi wa tano nitaleta mrushaji. Waliniamini upesi kuliko nilivyopenda. Nikaenda nyumbani, nikaingiza matokeo ya michezo yote kwenye kompyuta, nikajaribu kuona ingekuwaje kama tungekuwa na mrushaji wa kawaida. Tulitokea katikati ya ligi. Nikajaribu na mrushaji mzuri. Halafu nikaifunga kompyuta, maana nilianza kuwa na matumaini, na mimi matumaini huninyima usingizi kuliko wasiwasi.

Mrushaji mzuri nilikuwa namjua. Nilimwona kiangazi kilichopita huko Columbus, kwenye sherehe ya Wakongo ya sikukuu ya uhuru. Watu walikuwa wanachoma nyama, watoto wanakimbizana, na binti mmoja aliyevaa kitenge cha njano alikuwa amesimama kando ya uzio akimrushia mpira kaka yake. Kaka yake alikuwa na glavu, lakini kila mpira ukifika alifumba macho. Nilisogea. Mpira ulikuwa unakwenda moja kwa moja, halafu mwishoni kabisa unazama, kama umekumbuka kitu. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema shule ya sekondari, alikuwa msichana pekee kwenye timu ya wavulana, na tangu amalize shule hakuna anayemwita kucheza.

Tukabaki tunaandikiana kwenye simu, juu ya besiboli tu. Mimi humwandikia mtu juu ya jambo moja, kwa sababu mambo mawili yanahitaji kupangwa. Alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwezi wa tano alikuwa anahamia Louisville kusomea uuguzi na kukaa kwa mama yake mdogo. Ligi yetu ni ya mtaani, haikatazi wanawake. Nilipomweleza hali ya timu, alijibu palepale.

“Mimi nataka kurusha,” akasema kwenye simu. “Lakini bila ruhusa ya baba siji uwanjani.”

“Si umuombe?”

“Nimemuomba. Akaniuliza, hiyo timu haina wakubwa?”

Swali hilo nilikaa nalo juma zima. Haina wakubwa? Niliona alikuwa na haki. Baba gani atamtoa binti yake kwa vijana asiowajua, akashinde nao Jumapili nzima, kwa sababu ya ujumbe wa simu? Nikafikiria kumpigia mzee mwenyewe. Simu ni nyepesi mno. Nikafikiria kwenda peke yangu. Kijana peke yake anabisha mlango wa watu kuulizia binti yao: hapana, atanifikiria vibaya. Nikafikiria kwenda na mchezaji mmoja. Vijana wawili mlangoni, vibaya zaidi. Nilitaka jambo ambalo baba yule asingeweza hata kidogo kulielewa vibaya. Nikaamua kwenda na wakubwa.

Nilianza na shangazi yangu, dada wa baba, anayekaa jengo la jirani. Nilimweleza yote bila kuficha.

“Besiboli,” akarudia.

“Ndiyo, shangazi.”

“Mpaka Columbus.”

“Ndiyo.”

“Na huyo binti ni mtu wa kanisa?”

“Wa kanisa kabisa. Shangazi, ungeona bega lake.”

Akaniangalia kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu siku ya mahafali yangu. “Basi mwanangu,” akasema, “sitakuuliza zaidi. Utaniambia siku nyingine.”

Sikuwa na kitu kingine cha kumwambia, lakini nilifurahi kwamba hakupinga. Mama yangu, ambaye ni Mtanzania wa Kigoma na kwa kawaida hana subira na taratibu za upande wa baba, alitoa kabatini kitenge kipya, akakikunja vizuri, akasema nikampe mama wa yule binti, wasije wakasema tumelea mtu asiye na adabu. Akajifuta macho. Nikadhani ni mafua. Baba akaongeza mfuko mkubwa wa sukari na kreti ya soda. Niliwaza, kumbe wanaijali timu yangu kiasi hiki.

Msemaji nilimchagua mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Uvira. Nilimchagua kwa sababu sijapata kusikia mtu anayejua kuomba jambo kama yeye. Anaanza mbali, anazunguka polepole, na akifika kwenye lenyewe watu wameshakubali. Sikujiuliza nilikuwa nimemsikia akizungumza kwenye shughuli gani.

Tulikwenda Jumamosi, mzee akiwa ameshawapigia simu kwamba tunakuja. Tulipoegesha gari Columbus, mbele ya majengo ya matofali mekundu, shangazi alinirekebisha kola.

“Ukiingia ndani, wewe huna mdomo,” akasema.

“Lakini shangazi, mimi ndiye meneja.”

“Huna mdomo. Mzee ndiye atakayesema.”

Baba wa binti alitufungulia akiwa amevaa koti la suti nyumbani kwake. Hilo lilipaswa kunifundisha kitu. Tukakaribishwa, tukaketi, tukapewa maji, tukaombewa. Mzee wetu akasimama, akashukuru Mungu kwa barabara, kwa hali ya hewa, kwa amani ya nyumba ile. Akasema kwamba leo hatukuja na maneno mengi, tumekuja tu tuonane nyuso. Nilifungua mdomo kusema kwamba usajili unafungwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Shangazi akanifinya paja.

“Bon,” baba akasema. “Nyuso tumeziona. Donc kijana ni huyu?”

“Ni huyu,” mzee akasema.

“Unatumika kazi gani?”

Nilimwangalia shangazi. Akaniruhusu kwa macho. “Niko ghalani, papa. Lakini nimesoma takwimu.”

“Ile ni nini?”

“Ni kuhesabu mambo yaliyopita ili kukadiria yatakayokuja.”

“Na mbele yako unaona nini?”

Hapo nikaona nafasi yangu. “Papa, msimu uliopita tulishindwa michezo yote. Mwaka huu tukipata mrushaji, tutashinda zaidi ya nusu. Tukimkosa, timu inakufa. Binti yako anarusha kuliko mtu yeyote niliyemwona. Ndiyo sababu tumekuja.”

Mpaka leo sijui ningeweza kusema wazi zaidi ya pale. Baba akamwangalia mzee. Mzee akaangalia dari.

“Iko na woga,” baba akasema polepole, kama daktari. “Haina shida. Hata miye nilikuwa vile. Mambo ya mupira tutaongea kisha.”

Binti akaleta chakula: sombe ya majani ya muhogo, samaki, wali. Aliwatilia wageni wote kwa heshima, magoti yakikaribia sakafu. Sahani yangu aliitua mezani kwa kishindo, bila kuniangalia. Nilijaribu kumwonyesha kwa macho kwamba mambo yanakwenda vizuri. Akarudi jikoni.

Mwishoni baba akasema neno hili ni kubwa na yeye peke yake hawezi kulijibu mpaka kaka yake mkubwa aulizwe. “Yaya yangu iko Buffalo. Ndiye mukubwa wetu. Pasaka sisi wote tutakuwa kwake. Mukuje kule.”

Njiani kurudi, mzee na shangazi walikuwa wachangamfu sana. Mimi nilikuwa nyuma, najiuliza kwa nini kurusha mpira kunahitaji kibali cha Buffalo.

Majuma yaliyofuata binti hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Nikadhani nimemuudhi kwa kusema timu inakufa. Hakuna anayependa kujiunga na kitu kinachokufa. Nikasoma yote yaliyoandikwa juu ya majeraha ya bega, nikiamini kwamba baba mkubwa wa Buffalo atakuwa mtu wa kuuliza maswali magumu. Kanisani akina mama walianza kunisalimia kwa tabasamu la ajabu. Mmoja akaniuliza kama tumeshachagua rangi. Nikamwambia bluu na nyeupe, kama mwaka jana. Akasema bluu ni nzuri, haionyeshi uchafu.

Pasaka ikafika. Buffalo ilikuwa bado na theluji pembezoni mwa barabara, nyeusi kwa moshi wa magari. Nyumba ya baba mkubwa iko East Side, ya mbao, ina baraza mbele, na ubavuni mwake kuna kiwanja kitupu ambacho nyumba yake ilibomolewa zamani. Baba mkubwa hukilima wakati wa joto, analima lengalenga, yaani mchicha, na maharage. Ndani kulikuwa kumejaa watu. Viti vilikuwa vimepangwa safu mbili, zinaangaliana, na katikati kumetandikwa mkeka. Sisi tukakaa upande mmoja. Wao wakakaa wa pili. Shangazi alipoweka juu ya mkeka sukari na kreti ya soda, ambavyo Columbus havikutolewa garini, mwanamke mmoja nyuma akapiga vigelegele, wengine wakampokea.

Hapo nikaanza kushuku. Hakuna anayempigia mrushaji vigelegele kabla hajarusha.

Baba mkubwa alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, mikono mikubwa ya mtu wa kiwandani. Mzee wetu alizungumza, akazunguka, akazunguka tena. Baba mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

“Bon. Tunashukuru,” akasema. “Miye nitauliza moja tu. Harusi munataka ikuwe mbele mutoto amalize masomo, ao kisha?”

Nilimwangalia mzee wetu, nikamkumbuka kwenye kila shughuli niliyowahi kumsikia. Zote zilikuwa posa. Nikakumbuka kitenge cha mama, macho yake, koti la suti la Columbus, rangi ya bluu. Kila kitu kilijipanga mara moja, kama namba zinavyojipanga ukigundua ulikosea safu ya kwanza.

Kisha akili yangu ikafanya inachofanya siku zote: ikakimbia pande zote. Nikisema sikuja kuoa, nimemkataa binti wa watu mbele ya ukoo wake, siku ya Pasaka, na mrushaji nimempoteza. Nikinyamaza, nimechumbia. Nikinyamaza na nikachumbia, je, ataruhusiwa kurusha? Naona aibu kusema kwamba hilo la mwisho nililipima kidogo.

Nikanyoosha mkono, kama darasani. “Samahani, baba mkubwa. Naomba kuzungumza na wewe nje.”

Shangazi akanifinya mpaka nikainuka kidogo kwenye kiti.

“Kule nje kuko baridi,” baba mkubwa akasema.

“Ndiyo, baba mkubwa.”

Akaniangalia. Akachukua koti.

Barazani nilimwambia yote tangu mwanzo: timu, mipira minne mibovu, swali la wakubwa. Nilisema haraka sana na nikarudia sehemu zingine. Yeye alikuwa ameshika ukingo wa baraza, anaangalia barabara.

“Donc hutaki kuoa mutoto wetu.”

“Sijasema sitaki. Yaani sijawahi kufikiria. Yaani ni binti mzuri, mtu yeyote angeona bahati, ila mimi—”

“Sema ndiyo ao hapana.”

“Hapana. Nataka arushe.”

Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemliza mzee wa watu siku ya Pasaka. Halafu sauti ikatoka, na ilikuwa kicheko, cha mtu anayejaribu kukificha wasimsikie ndani.

“Weye!” akasema. “Weye kijana! Unajua miye sikulala? Mutoto alimwambia mama yake mukubwa, bibi yangu, haolewi na mutu mpaka akuwe muuguzi, na tukimulazimisha anakimbilia Texas. Bibi yangu akasema, weye ndiye mukubwa, weye utawaambia. Miye! Watu wametoka Louisville na sukari yao. Sukari ile nitairudisha namna gani? Tangu asubui niko natafuta maneno ya kuwakatalia, nayakosa.”

“Pole sana, baba mkubwa.”

“Pole ya nini? Umeniponyesha!”

Nikaketi kwenye ngazi juu ya theluji na sikuhisi baridi. Hewa ya Buffalo, ambayo asubuhi nilikuwa nimeilaani, niliivuta kama maji. Nilikuwa mtu asiyechumbia mtu yeyote. Baba mkubwa akaketi kando yangu, akacheka tena kidogo, akajifuta macho na mkono wa koti.

“Lakini sikia,” akasema, akipunguza sauti. “Ruhusa ya mupira si yangu. Ni ya papa yake. Na tukimwambia kule ndani, mbele ya wote, atasikia haya, na atakatala juu ya haya tu. Tumuite hapa. Ile mipira yako iko wapi?”

Ilikuwa kwenye gari. Meneja hatembei bila mfuko wa vifaa. Nilipokuwa nautoa, baba wa binti alitoka barazani, baba mkubwa akamweleza kwa Kibembe, lugha ya kwao na ya upande wa baba yangu. Mimi Kibembe nakisikia nusunusu, lakini uso wa mtu anayepokea habari hauhitaji tafsiri. Uliongezeka urefu, kisha ukageukia kwangu.

“Kumbe ulisema,” akaniambia. “Kule kwangu. Ulisema mupira.”

“Nilisema, papa.”

“Nilizani ni woga.”

“Woga pia ulikuwepo, papa.”

Hakucheka. Akatia mikono mifukoni, na nikaona ni kweli alivyosema kaka yake: haya ilikuwa inampanda, na bado kidogo tu aseme hapana ili mambo yaishe. Baba mkubwa akapaza sauti kuelekea mlangoni, akamwita binti.

Akatoka na gauni lake refu la sikukuu, juu yake koti la mtu mwingine, miguuni viatu vya theluji vya mama mkubwa. Alikuwa ameshaambiwa na wanawake jikoni, kwa maana habari zilikuwa zimetupita dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu Columbus akanisemesha.

“Wewe una akili kweli? Na shahada yote ile?”

“Baba yako aliuliza kama timu haina wakubwa.”

“Ndiyo ukaleta wale wa kuposa?”

“Nilileta wakubwa!”

Akanijibu kwa Kiingereza neno ambalo sitaliandika, kisha akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akalazimika kushika nguzo ya baraza. Alisema alikuwa ameshafungasha begi. Alisema alikuwa amepanga hata sentensi ya kuniambia ya kunikataa, nzuri, ya upole, kwa sababu alinionea huruma.

“Nionyeshe hii kitu,” baba mkubwa akasema, akionyesha kiwanja kitupu. “Watu wametembea nchi nzima kwa sababu yake.”

Udongo ulikuwa umelowa, theluji imebaki kwenye mashina ya lengalenga ya mwaka jana. Nikavaa glavu, nikachuchumaa mwisho wa kiwanja. Binti akajinyoosha mkono, akarusha michache ya kupasha moto. Wa kwanza mzito ulinipata kifuani, si kwenye glavu, nikakaa chini. Barazani watu wakaguna kwa furaha. Wote walikuwa wameshatoka, pamoja na sahani zao. Shangazi alikuwa mbele kabisa.

“Tumeendesha mpaka kwenye mpaka wa Kanada,” akasema, bila kumlenga mtu, “kwa ajili ya kitu hiki.”

“Nilikuambia, shangazi. Besiboli.”

“Uliniambia! Kijana anakwambia besiboli macho yanang'aa vile, nani atakuamini?”

Mzee wetu wa kanisa alikuwa amesimama na suti yake, mtu ambaye hotuba yake imekatwa katikati. Akasogea kwa baba wa binti, akarekebisha tai. “Basi ndugu yangu, kwa kuwa safari tumeshafanya, niruhusu niombe upya,” akasema. Na akaomba upya, palepale kwenye matope. Hakuzunguka sana. Alisema vijana wale wanatoka kanisani kwetu, yeye mwenyewe atakuwepo uwanjani kila Jumapili, shangazi naye, na binti hatarudi nyumbani peke yake. Alisema kwamba timu bila mtu wa kurusha ni vijana wanaosimama juani.

Baba aligeukia kiwanja. Aliangalia mpira mwingine ukipita, ukizama mwishoni na kunigonga glavu. Halafu akavua koti la suti, akampa kaka yake, akaja kuchukua gongo la kupigia kwenye mfuko wangu.

“Mupigaji anasimama wapi?” akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akalishika gongo kama jembe. Nikamrekebisha mikono.

“Papa, nitarusha polepole,” binti akasema.

“Rusha vile unarushaka.”

Akarusha. Baba akapiga hewa, akazunguka, karibu aanguke. Barazani wakalipuka.

“Mudogo wangu, ile ni mupira, si inzi!” baba mkubwa akapiga kelele.

“Nyamaza! Nilikuwa bado!”

Wa pili ulipita kabla hajaanza kupiga. Akageuka, akautazama ndani ya glavu yangu, akanitazama mimi. “Umepita?”

“Umepita, papa.”

Wa tatu ulikuwa ule unaozama. Aliufuata kwa macho vizuri, akapiga kwa nguvu zake zote, na gongo likapita juu ya mpira kwa nafasi ya kuweka sahani. Safari hii alianguka kweli, goti moja kwenye matope, suruali ya Pasaka. Hakuna aliyecheka kwanza. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Baba akainuka. Akajipangusa. Alimwangalia binti yake aliyekuwa upande wa pili wa kiwanja, amevaa viatu visivyo vyake, kwa muda ambao ulinitosha kufikiria kila jibu analoweza kutoa na jinsi nitakavyowaambia vijana.

“Na hawa watu wengine,” akaniuliza bila kuniangalia, “wale wa timu zingine. Wanamupigaka?”

“Wachache sana, papa. Mimi nadhani wachache sana.”

“Hm.”

Akanirudishia gongo. “Kwanza kanisa, kisha mupira.”

“Ndiyo, papa.”

“Bega ikimuuma?”

“Anapumzika. Nimesoma—”

“Usinielezee. Anapumzika?”

“Anapumzika.”

“Bon,” akasema. “Arushe.”

Baba mkubwa akapiga makofi, wanawake wakarudia vigelegele vyao, na safari hii nilivipokea kwa moyo mweupe. Shangazi akauliza kama sasa sukari inabaki au tunaondoka nayo, na mama mkubwa akamwambia ameshaitia kwenye chai. Watu wakaanza kurudi ndani, kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Binti akanirushia mpira wa mwisho, polepole, nikaudaka kwa mkono mtupu, nikawaandikia vijana wa Louisville neno moja tu: tumempata.

Baba alibaki kando yangu, bado anajipangusa goti.

“Muchezo wa kwanza ni lini?”

Nikamwambia. Akatoa simu, akaivuta mbali na macho ili asome vizuri, na kabla hajaingia ndani kula akamwandikia msimamizi wake wa kazi kwamba Jumapili hiyo hatakuja kazini.